Mbuzi wa Ntheo Wapanda Treni ya Jioni

Kama wiki jana ulifungia nyama kwa ukurasa huu wa gazeti kabla hujausoma, sikulaumu. Ningekuwa na nyama, nami ningefanya vivyo hivyo.

Mimi ni Gatimu, muuza vitasa vya milango mjini Nairobi, mlala Mlolongo. Mke wangu Mwongeli nilimpata ndani ya treni ya Syokimau, baada ya kukalia leso aliyotumia kumwekea rafiki yake kiti. Alinitukana kutoka Imara Daima hadi stesheni kuu. Mwaka haujaisha tulikuwa tunapika sufuria moja.

Halafu baba yake, Mzee Maundu wa Athi River, akaja akamchukua, mimba ikiwa ya mwisho mwisho. Hapo ndipo mliponiacha, nimeshika mwiko, ugali unaungua.

Kosa langu? Sijatoa ntheo.

Kwa asiyejua mila ya Wakamba, ntheo ni mbuzi watatu. Ni hao tu. Unaweza kujenga, ukazaa, ukazeeka na mwanamke, lakini bila hao watatu huna mke. Una mgeni. Na mtoto akizaliwa kabla ya mbuzi, si wako. Ni wa nyumba ya mama yake.

Kwetu Murang'a tuna mbuzi wa mahari pia, ila siku hizi wengi ni wa simu. Unabonyeza, wanaenda. Basi nami nikamtumia Mzee Maundu pesa ya mbuzi watatu, nikajiona mkwe wa maana.

Alizirudisha kabla sijaitia simu mfukoni. Kisha akapiga.

"Kijana, simu haina kwato."

"Pole, baba. Nitakodi pikapu nilete walio hai."

"Pikapu? Kwani wewe unaoa kwa muuza kabeji? Mbuzi zangu zitakuja na treni."

"Treni, baba?"

"Treni. Na ufanye haraka. Huyu msichana hatoshi tena kwa mlango."

Lazima nikwambie jambo moja kuhusu Mzee Maundu. Alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kuvuta kile chuma kinachogeuza njia, treni iende kushoto au iende kulia. Amestaafu miaka mingi, lakini kwake hakuna jambo lililowahi kutokea Kenya nje ya reli. Ukimsalimia asubuhi, anaanza na nabii Syokimau aliyeona nyoka wa chuma kabla hajaja. Kutoka hapo anakwenda kwa Wahindi na simba wa Tsavo. Kisha anazilaani zile siku ambazo treni za wafanyakazi zilichakaa hadi abiria wakafungua miavuli ndani. Anamalizia na stesheni mpya ya Syokimau, ambayo anaamini imejengwa kwa heshima ya nyanya ya nyanya yake. Nauli analipa, lakini analipa kama mtu anayelipishwa kuingia jikoni kwake.

Kwa hiyo treni. Ila hapo kulikuwa na shida ambayo msafiri wa Syokimau ameshaiona.

Kutoka Mlolongo hadi Athi River kwa barabara ni karibu. Unaweza kuanza kutafuna mhindi wa kuchoma Mlolongo ukafika gunzi likiwa bado na joto. Lakini treni ya Syokimau asubuhi inaenda upande mmoja tu: mjini. Na treni ya Athi River inatoka huko huko mjini, jioni. Kwa hiyo ili niwafikishe mbuzi kwa jirani, ilibidi kwanza niwapeleke Nairobi, nishinde nao, kisha jioni niwarudishe karibu na pale walipolala.

Nilimweleza Mzee. Akasema, "Sisi wote tumefanya hivyo kila siku miaka yote. Mbuzi ni nani?"

Nikaenda kutafuta mbuzi. 

Ijumaa alfajiri nikawa kwenye stesheni ya Syokimau na mabeberu wawili na jike mmoja, wametoka Ekalakala, wamepigwa sabuni. Tulipanda behewa la tatu.

Sharti ujue behewa la tatu si behewa tu. La kwanza ni la wanaolala, la pili ni la wanaobishana siasa, la tatu ni la ibada. Lina mwenyekiti, Ndungu, fundi cherehani, na lina kwaya inayoongozwa na Winrose. Tumechangiana harusi humo, tumezikana, na ukikosa siku mbili mfululizo unatembelewa. Habari ya Mwongeli walishaisikia, ingawa uso wake hawakuujua, maana yeye alikuwa wa behewa la pili. Walikuwa wameniombea, na maombi yalipochelewa wakaunda kamati.

"Haleluya, wamefika!" akapaza sauti Winrose alipoona pembe.

Wakatusogezea viti. Beberu mkubwa akapewa dirisha.

Tulipita Imara Daima tukiimba, ndipo akaja Nzisa, mkagua tiketi. Nzisa si mtu wa mchezo. Aliwahi kumteremsha mchungaji katikati ya dua.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni mbuzi, madam," nikasema.

"Kuwa ni mbuzi naona. Nauliza ni nini hapa ndani."

"Ni wa ntheo."

 Nzisa akanitazama upya, kutoka viatu kwenda juu.

"Za nani?"

"Za Mzee Maundu, Athi River."

"Uko na mashahidi?"

Behewa zima likainua mikono, hata Jeff, kijana wa Syokimau ambaye hupanda na vitu masikioni na hajui hata anaishi mwaka gani.

Nzisa akageukia kile kibao cha masharti ukutani, akakisoma kwa kidole. Kuvuta sigara ni marufuku. Kuchuuza ni marufuku. Kuning'inia mlangoni ni marufuku. Akafika mwisho, akarudi juu, akashuka tena.

"Hawavuti, hawauzi, hawaning'inii," akasema. "Lakini watakata tiketi kama watu. Na wakae chini. Hii ni treni ya abiria."

Nikawakatia tiketi. Kufika stesheni kuu, yule jike alikuwa amekula yake, na mlinzi wa lango hamtoi mtu bila tiketi.

"Tiketi yake iko ndani," nikamwambia.

"Ndani wapi?"

"Ndani yake."

Mlinzi alimtazama mbuzi. Mbuzi alicheua. Nadhani ndicho kilichotuokoa, maana mlinzi aliona karatasi kwa macho yake.

Sitawachosha na mchana wa dukani. Nitasema tu kwamba mdosi wangu, Muringo, alikuja kunifuta kazi akakuta watu wamejaa wakiwatazama mbuzi na kununua vitasa, akaniambia Jumatatu nije na ng'ombe.

Jioni tukapanda treni ya Athi River. Kamati nzima ilikuja, na nusu yao hata hawaishi upande huo. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Nilikaa na kamba tatu mkononi nikawaza: leo nalala nikiwa na mke, na mtoto akija ataitwa jina la baba yangu. Mtu akifurahi namna hiyo ndani ya hadithi ya gazeti, nyinyi wasomaji huwa mshajua. Mimi sikujua.

Athi River, Mzee Maundu alikuwa amesimama pale stesheni ndani ya koti lake la kazi la zamani, ameshika bendera ya kijani. Treni iliposimama, mbuzi wa kwanza akaruka chini, akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Mzee akaishusha bendera na kulia machozi. Nilidhani ananililia mimi.

"Zimefika," akasema. "Zimefika na treni. Watu wote wameona?"

"Tumeona, baba."

"Zimesimama? Hazikupita?"

"Zimesimama, baba."

Nilishangaa kidogo, lakini baba mkwe haulizwi maswali.

Kwaya ilipokwisha kwenda kulala kwa majirani, Mwongeli akatokea nyuma ya baba yake, tumbo mbele, anacheka na kulia pamoja. Akaninong'oneza, "Gatimu, umenuka mbuzi mpaka mtoto amepiga teke." Sijawahi kuambiwa neno tamu kama hilo. Mama yake, Mama Mbula, alisimama mbali na uso ameuficha kwa leso, kama mila inavyotaka. Mkwe wa kiume hasogeleani na mama wa mkewe, hata kushikana mikono ni aibu. Wanaiita nthoni. Tangu nimjue Mama Mbula nilikuwa nimeona leso tatu tofauti na pua moja.

Tulilala, mimi na Ndungu kwenye chumba cha nje. Jumamosi asubuhi wazee wakakaa uani. Winrose, Jeff na kwaya walitangulia stesheni na maua, watupokee bwana na bibi harusi kwa treni ya kurudi mjini. Ndungu alikuwa msemaji wangu. Upande wa kina Mama Mbula akaja kaka yake, Mzee Muli, kutoka Konza, mtu mfupi mwenye fimbo ndefu.

Kazi ilikuwa ndogo. Mbuzi waonyeshwe, wapokewe, mmoja achinjwe, tule. Kisu kilikuwa kimeshanolewa.

"Kabla Maundu hajapokea," akasema Mzee Muli akisimama, "nina swali moja. Mtu anaweza kupokea mbuzi ya binti kama yeye mwenyewe hajatoa ya mama?"

"Hawezi," wakajibu wazee pamoja.

"Basi Maundu aniambie mbuzi zetu ziko wapi."

 Mzee Maundu akaanza kukunja bendera ambayo haikuhitaji kukunjwa.

"Zilifika," akasema.

"Zilipita!" Muli akapiga fimbo chini. "Kupita sio kufika! Wazee, sikizeni. Nilikuwa nimesimama Konza na baba yangu Ngui, na kamba mkononi. Treni ya mizigo ikaja na mbuzi za huyu. Pale Konza reli inagawanyika, moja inaenda Mombasa, ingine inaenda Magadi. Behewa la mbuzi lilikuwa likatwe hapo, lisimame. Na mtu wa kuvuta chuma siku hiyo alikuwa nani?"

Wazee wakamgeukia Maundu.

"Nilikuwa na furaha," akasema Maundu kwa sauti ndogo. "Nilivuta upande mbaya."

"Mbuzi zikapita mbele ya macho yetu zikilia, zikaenda Magadi kwenye magadi! Baba akapunga mkono. Nini ingine angefanya? Huyu akasema zitarudi na treni ya kesho. Baba amekufa akingoja treni ya kesho."

Hapo nikaelewa yale machozi ya stesheni. Sikupenda nilivyoelewa.

Ndungu, Mungu ambariki, akajaribu kutumia akili ya kanisa. "Wazee, hili ni jepesi. Gatimu ampe Maundu hawa mbuzi, Maundu ampe Muli hapa hapa. Deni mbili zimekwisha na mbuzi hawajahama hata hatua."

"Eee!" Maundu akadakia. "Mimi niwe kama stesheni tu. Zisimame, ziendelee."

Wazee wakainamiana.  Mmoja wao akakohoa, akasema mbuzi mmoja hawezi kuoa wanawake wawili kwa siku moja. Na wakati huo huo mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama Mbula akatoka bila leso. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona uso mzima, nikaangalia chini haraka.

"Maundu," akasema, "kwa hivyo mimi hapa ni nani?"

"Wewe ni bibi yangu."

"Bibi ana mbuzi. Mimi mbuzi zangu ziko Magadi. Miaka yote hii uliniambia baba alizila."

"Mbula, tafadhali..."

"Mimi ni mgeni. Na mgeni hapiki, hateki maji, na haoshi hiyo koti ya reli." Akafungua aproni, akaiweka juu ya beberu mkubwa. "Mgeni akichoka anaenda."

"Twende Konza, dada," akasema Muli kwa furaha.

"Kwako? Wewe uliyejua na ukanyamaza mpaka leo kuna nyama?" Akaingia ndani, akatoka na sanduku, akafuata njia ya stesheni.

Mwongeli akanishika mkono. "Gatimu, mfuate. Mama hajawahi kwenda mahali peke yake. Mrudishe."

"Na wewe?"

"Nikiondoka na mimi, Baba atabaki na nani? Hajui hata kiberiti kinakaa wapi. Enda!"

Nikakimbia. Nilimkimbilia mama mkwe ambaye mila inanikataza kumsogelea, na ambaye kwa mujibu wa wazee hakuwa hata mama mkwe. Nilikuwa natembea nyuma yake, ule umbali wa heshima, nikiita "Mama, rudi," na yeye alikuwa akijibu mawe ya njiani, si mimi: "Mwambieni huyo kijana simsikii."

Akapanda treni, behewa la tatu. Sikuwa na la kufanya, nikapanda.

Ndipo nikawakumbuka Winrose na kwaya. Walipomwona mwanamke mwenye sanduku na mimi nyuma yake nahema, hawakuuliza. Wakaangua wimbo wa harusi. Maua yakarushwa. Vigelegele vikapigwa hadi behewa la wanaolala likaamka.

"Karibu, shemeji!" wakaimba. "Karibu kwa Gatimu!"

Jeff akaondoa kitu kimoja sikioni. "Buda," akaninong'oneza, "si ulisema ako na ball, mimba ya mwisho mwisho?"

"Huyu si Mwongeli. Ni mama yake."

"Zii, buda. Hiyo nayo umezidi."

Treni ikang'oka. Mama Mbula, aliyeanza na hasira, akatazama maua mapajani mwake, akatazama watu waliokuwa wakimpisha kiti. Nikamwona akitabasamu. Nadhani ilikuwa harusi yake ya kwanza. Sikuwa na moyo wa kuwanyamazisha, na hilo sijutii, ingawa limeniponza.

Tulipokaribia Embakasi simu yangu ikalia. Ni Mwongeli, na alikuwa anapumua vibaya.

"Gatimu, uko na Mama?"

"Niko naye. Bado hataki kurudi. Nini mbaya?"

"Tumbo imekaza vile mlitoka. Wamenileta hospitali. Gatimu, nesi ameuliza mwenye mtoto ni nani."

"Si umwambie ni mimi!"

"Hakuniuliza mimi. Aliuliza kwa mlango. Na Baba ameinua mkono, na Mjomba Muli ameinua mkono. Baba anasema hujatoa ntheo, mtoto ni wake. Mjomba anasema Baba naye hakutoa, kwa hivyo mimi na mtoto ni wa Konza. Wanapigana na fimbo hapa nje. Mbuzi nazo wamezifunga kwa geti ya hospitali. Gatimu, naogopa. Nataka Mama."

 Nilisahau mila, nilisahau umbali wa heshima. Nikapenya katikati ya kwaya, nikapiga magoti mbele ya Mama Mbula na simu mkononi.

"Mama, nisamehe nakusogelea. Mwongeli anajifungua. Wanagombania mtoto. Tushuke stesheni hii, turudi na gari, nakuomba."

 Winrose akashusha shada lake pole pole, nadhani ndipo alipoelewa amemwimbia nani.

Mama Mbula akaichukua simu. Akaisikiliza. Nilisikia sauti ya Mwongeli ikilia humo ndani, "Mama, nesi amerudi na kalamu, anauliza aandike nyumba ya nani."

"Mwongeli, mwana wakwa, mwanangu, pumua," akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Mimi sina bwana, sivyo? Wazee wamesema. Na kwa baba yangu nilitoka nikiwa msichana. Basi mimi ni nyumba yangu. Wewe ni wangu, na huyo anayekuja ni wangu. Mwambie nesi aandike nyumba ya Mbula."

"Mama!" nikapaza sauti. "Na mimi?"

Akanirudishia simu. Akanitazama machoni kwa mara ya kwanza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Wewe utaleta mbuzi kwangu, kijana. Tatu. Nikipokea, umeoa."

"Kwako wapi, Mama? Si umetoka kwa Maundu? Na Konza umekataa?"

Mama Mbula akalivuta sanduku lake karibu na miguu, akaketi vizuri dirishani.

"Kwani nyumba yako ya Mlolongo," akauliza, "iko na chumba ngapi?"